Joto, chai tamu na kitambi: Jinsi ya kurejesha siha kwa mbio na mazoezi mjini Garissa

KWA mfugaji wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya, mwendo mrefu haukuwa mazoezi bali maisha yenyewe. Aliyechunga ngamia kati ya nyanda za Wajir na mto Tana alitembea kutwa nzima akifuata malisho na maji. Naye mama wa nyumba alibomoa na kujenga upya makao ya miti na mikeka kila jamaa ilipohama. Hakuna aliyehitaji kuambiwa akimbie ili apunguze tumbo.

Leo hali ni tofauti. Ukame wa mwaka wa 1984, ule wa 2011 na ule wa kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosa kunyesha mtawalia, uliangamiza mifugo na kuzisukuma jamaa nyingi mijini. Mjini Garissa, mfugaji wa jana ndiye mwenye duka wa leo, dereva, mlinzi au karani wa ofisi ya kaunti. Maji yaletwa mlangoni kwa mkokoteni wa punda, na safari ya kutoka Bulla Iftin hadi sokoni huchukuliwa kwa bodaboda au tuktuk hata kama ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

Kilichobakia bila kubadilika ni sahani. Wali na pasta, nyama ya mbuzi na ya ngamia, nyirinyiri iliyohifadhiwa kwa samli, na chai ya maziwa yenye sukari tele, vyote hivi vilimfaa mtu aliyetembea kilomita nyingi kwa siku. Kwa mtu anayeketi kutoka asubuhi hadi jioni, chakula kicho hicho hugeuka mafuta tumboni.

Matokeo yake si suala la sura pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu visababishi vya maradhi yasiyoambukiza ulibaini kwamba takriban asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzani uliozidi kiasi, na kwamba wanawake walikuwa wameathirika zaidi ya wanaume. Takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu. Kisukari cha ukubwani na maradhi ya moyo hufuata njia hiyo hiyo.

Habari njema ni kwamba mwili uliolegea waweza kurejeshwa, tena bila gharama kubwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020 linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au ya kasi kwa dakika 75 hadi 150, na aongeze mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Dakika 150 ni nusu saa tu kwa siku tano.

Hata hivyo, mashauri mengi kuhusu mbio huandikwa na watu wa nchi za baridi, au hutolewa Iten, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400 ambako asubuhi mtu huvaa sweta. Garissa iko chini ya mita 200 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 35. Anayetaka kukimbia hapa hana budi kuwa na mpango wa hapa.

Kwa nini mwili hulegea

Mwili haulipi gharama ya kitu usichokitumia. Mtu akiacha mazoezi kwa wiki mbili hadi nne tu, kiasi cha damu mwilini hupungua, moyo husukuma damu kidogo kwa kila pigo, na misuli huanza kupoteza uwezo wa kutumia hewa ya oksijeni. Ndiyo maana kijana wa zamani aliyekuwa nyota wa kandanda shuleni hupanda ngazi za ghorofa moja akahema kama aliyefukuzwa na fisi.

Anaporejea, mwili hujibu, lakini sehemu zake hazijibu kwa mwendo mmoja. Moyo na damu huimarika katika muda wa wiki chache. Kano zinazounganisha misuli na mifupa, pamoja na mifupa yenyewe, huhitaji miezi kadhaa.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha majeraha mengi. Baada ya mwezi mmoja pumzi hutosha, na mkimbiaji hujiona amepona, kumbe magoti, nyayo na kano za visigino bado hazijawa tayari. Akiongeza kasi kwa kuisikiliza pumzi pekee, huumia na kuacha mazoezi kabisa. Kanuni ya kwanza kwa anayerejea ni kwenda polepole kuliko anavyodhani anaweza.

Aanzaye kwa daktari hapotezi muda

Si kila mtu anayehitaji kibali cha daktari ili atembee. Lakini aliyepita umri wa miaka 40 na hajafanya mazoezi kwa miaka mingi, mwenye shinikizo la damu, kisukari, maradhi ya moyo au pumu, na mama mjamzito au aliyejifungua karibuni, yafaa aonwe na mhudumu wa afya kwanza. Kupima shinikizo la damu na sukari huchukua dakika chache.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari anapaswa kuuliza jinsi ya kupanga dawa, chakula na mazoezi, kwani mbio zaweza kuishusha sukari ghafla. Abebe tende chache au peremende mfukoni. Tena asikimbie peke yake.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kwenda mbio bila mpangilio au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida ni ishara za kusimama papo hapo na kwenda hospitalini. Hizo si dalili za uvivu wa kushindana nazo.

Kulielewa joto

Misuli inayofanya kazi hutoa joto jingi. Ili joto hilo litoke, mwili hupeleka damu kwenye ngozi na kutoa jasho, na jasho likikauka ndipo ngozi hupoa. Maana yake ni kwamba katika hari ya Garissa moyo una kazi mbili kwa wakati mmoja: kulisha misuli na kupoza ngozi. Kasi iliyo nyepesi Nairobi huwa nzito hapa, na mkimbiaji asione haya kupunguza mwendo.

Katika hewa kavu kuna mtego mwingine. Jasho hukauka upesi kiasi kwamba mtu hadhani ametoka jasho. Anayejitahidi sana kwenye joto aweza kupoteza lita moja au zaidi kwa saa. Njia rahisi ya kujua ni kujipima uzani kabla na baada ya mbio: kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni onyo. Ule wa manjano hafifu ni dalili njema.

Kunywa maji kwa kufuata kiu kabla, wakati na baada ya mazoezi kwatosha kwa mbio za nusu saa. Kujilazimisha kunywa lita nyingi kwa mpigo si busara, kwa sababu maji yakizidi mno hupunguza chumvi katika damu na yaweza kudhuru.

Mwili pia huzoea joto. Mtu akifanya mazoezi mepesi kila siku kwenye hari kwa siku 10 hadi 14, kiasi cha maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na moyo hutulia. Kwa hivyo mgeni aliyehamishiwa Garissa kikazi kutoka nyanda za juu asianze kukimbia siku ya pili baada ya kushuka basi. Atembee kwanza kwa wiki mbili.

Saa bora ni alfajiri. Hapa jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na waumini wengi huwa wameamka tayari kwa sala ya Alfajiri. Nusu saa inayofuata mwanga wa kwanza ndiyo yenye ubaridi kuliko zote za mchana. Jioni ni chaguo la pili, ingawa ardhi na kuta huwa bado zinatoa joto la kutwa.

Mwenzako akianza kuropoka, kuyumba au kupoteza fahamu huku ngozi yake ikiwa ya moto, iwe kavu au yenye jasho, huyo amepigwa na joto na uhai wake umo hatarini. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na mmfikishe hospitalini bila kukawia.

Ratiba ya wiki 12

Ratiba ifuatayo inamfaa mtu mzima mwenye afya ambaye hajakimbia kwa muda mrefu. Ni ya siku tatu kwa wiki, na kati ya siku moja na nyingine pawe na mapumziko.

Wiki ya 1 na ya 2: Tembea kwa haraka kwa dakika 30. Usikimbie hata kidogo, hata kama miguu inawasha.

Wiki ya 3 na ya 4: Tembea dakika tano za kupasha misuli moto. Kisha kimbia dakika moja, tembea dakika mbili, na urudie mara nane.

Wiki ya 5 na ya 6: Kimbia dakika tatu, tembea dakika mbili, mara tano.

Wiki ya 7 na ya 8: Kimbia dakika tano, tembea dakika mbili, mara nne.

Wiki ya 9 na ya 10: Kimbia dakika 10, tembea dakika mbili, mara mbili; mwishoni mwa wiki ya 10 ziwe mara tatu.

Wiki ya 11: Kimbia dakika 15, tembea dakika mbili, kisha kimbia tena dakika 15.

Wiki ya 12: Kimbia dakika 30 bila kusimama, kwa mwendo wa pole.

Kipimo cha kasi ni mdomo wako. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima na mwenzako huku ukikimbia, kasi inafaa. Ukibaki kutoa neno moja moja, punguza. Ikiwa wiki moja imekuwa ngumu, irudie kabla ya kusonga mbele. Hakuna anayekupimia saa.

Maumivu ya misuli ya pande zote mbili yanayoisha baada ya siku mbili ni ya kawaida. Maumivu makali ya mahali pamoja, hasa kwenye mfupa au kiungo, yanayozidi kila unapokimbia, yanadai mapumziko.

Nguvu bila vyuma

Mbio pekee hazitoshi. Misuli yenye nguvu hulinda magoti na mgongo, hutumia sukari ya damu, na humkinga mtu mzima dhidi ya kudhoofika kadiri umri unavyosonga. Ukumbi wenye vyuma si lazima.

Siku mbili kwa wiki, fanya mazoezi manne nyumbani: kuchuchumaa na kusimama mara 10; pushapu mara nane, na asiyeziweza chini azifanye kwa kuegemea ukuta; kupanda na kushuka kidato kimoja mara 10 kwa kila mguu; na kulala kifudifudi ukiuinua mwili ulionyooka kwa viwiko na vidole vya miguu kwa sekunde 20. Pumzika dakika moja, kisha rudia mzunguko huo mara mbili. Mtungi wa maji wa lita tano uliojazwa ni kilo tano za kunyanyua.

Njia, miiba na usalama

Adui mkubwa wa nyayo mjini Garissa ni mathenge. Mti huo uliopandwa katika nyanda za Tana miaka ya themanini ili kuzuia jangwa umesambaa kila mahali, na miiba yake hutoboa soli nyembamba. Ndara hazifai. Tafuta raba zenye soli nene hata kama ni za mtumba, na uikague soli kila baada ya mbio.

Tahadhari hii ni ya lazima kwa mwenye kisukari. Ugonjwa huo huua hisia za nyayo, na mwiba usiohisiwa huwa kidonda, kidonda huoza, na mguu hukatwa. Mgonjwa wa kisukari akague nyayo zake kila jioni, awe amekimbia au hakukimbia.

Mchanga laini huchosha miguu na kuvuta kano za visigino, ilhali lami ngumu hutikisa magoti. Barabara ya udongo ulioshikana au uwanja wa shule ndio bora kwa anayeanza. Kando ya mto Tana kuna kivuli na upepo, lakini pia kuna viboko na mamba. Usiikaribie kingo gizani.

Usalama wa watu nao si jambo la kupuuza katika eneo lililoonja mashambulizi, likiwemo lile la chuo kikuu la Aprili 2, 2015 lililoua watu 148. Kimbieni kikundi, kwenye njia zinazojulikana, baada ya kupambazuka. Beba kitambulisho, hasa ukielekea kizuizi cha polisi kwenye daraja la kwenda Madogo, na ukikaribia kizuizi tembea badala ya kukimbia.

Wanawake wasiachwe nyuma

Ikiwa wanawake ndio wanaosumbuliwa zaidi na uzani, basi mpango wowote unaowasahau ni nusu ya mpango. Wengi huona haya kukimbia barabarani, na wengine huogopa maneno ya watu.

Ziko njia. Kikundi cha akina mama wanaotembea kwa kasi baada ya sala ya Alfajiri hakivuti macho mengi. Ua wa nyumba au wa shule ya wasichana siku isiyo ya masomo watosha kwa mizunguko. Mavazi ya heshima si kizuizi: nguo pana, nyepesi, ya rangi isiyokoza, na mtandio mfupi uliobanwa vyema hupitisha hewa. Shirikisho la kandanda duniani, FIFA, liliidhinisha rasmi hijabu viwanjani mwaka wa 2014, na lile la mpira wa vikapu likafuata mwaka wa 2017.

Aliyejifungua aanze kwa kutembea, na asikimbie kabla ya kuangaliwa na mkunga au daktari. Aliyefanyiwa upasuaji angoje zaidi. Aidha, mama anayechoka kupita kiasi apimwe damu. Upungufu wa madini ya chuma ni tatizo la wanawake wengi, na chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini hayo yasiingie mwilini. Ni afadhali chai ingoje saa moja baada ya kula.

Hesabu ya chai

Wengi hukimbia wakitumaini mbio zitafuta kila kilichonywewa. Tufanye hesabu. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita tano hutumia takriban kalori 350. Kijiko kidogo cha sukari kina gramu nne hivi, nazo ni kalori 16. Anayekunywa vikombe vitano vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vinne, amekunywa gramu 80 za sukari, yaani kalori 320.

Kwa maneno mengine, mbio zote za asubuhi zimemezwa na birika. Kiasi hicho pia kinapita gramu 50 kwa siku, ambacho ndicho kikomo kinachotokana na ushauri wa WHO kwa mtu anayehitaji kalori 2,000. Punguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, ulimi huzoea. Maziwa ya ngamia bila sukari, maharagwe, samaki wa Tana, mboga, maembe na ndizi za mashamba ya kando ya mto ni chakula kizuri cha mkimbiaji.

Miraa nayo ina neno. Hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, huondoa hamu ya kula na hufukuza usingizi. Aliyekesha akitafuna kisha akakimbia alfajiri anauongezea moyo mzigo wa pili juu ya wa kwanza. Usingizi wa saa saba ni sehemu ya mazoezi.

Mwezi wa Ramadhani si wakati wa kuanza mpango mpya mzito. Anayeendelea na mazoezi atembee au akimbie kidogo katika nusu saa ya mwisho kabla ya futari, ili maji yawe karibu, au asubiri usiku baada ya tarawehe. Lengo la mwezi huo liwe kulinda kilichopatikana. Wagonjwa wafuate ushauri wa daktari wao.

Mbio si za Bonde la Ufa pekee

Wapo wanaosema kwamba kukimbia ni kazi ya watu wa nyanda za juu. Rekodi zinawakanusha. Abdi Bile wa Somalia alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 1,500 mjini Roma mwaka wa 1987. Mo Farah, mzaliwa wa upembe wa Afrika aliyeiwakilisha Uingereza, alishinda dhahabu za mita 5,000 na 10,000 katika Olimpiki za 2012 na 2016.

Katika marathoni ya Olimpiki ya Tokyo, iliyokimbiwa Sapporo mwezi Agosti 2021, Eliud Kipchoge alipokwisha kutwaa dhahabu, waliobaki walipigania fedha na shaba. Abdi Nageeye wa Uholanzi aligeuka na kumpungia mkono rafiki yake Bashir Abdi wa Ubelgiji ajikaze. Wote wawili, wazaliwa wa Mogadishu, wakampita Mkenya Lawrence Cherono na kunyakua nishani.

Msomaji wa Garissa, Wajir au Mandera hatakiwi kuwa kama hao. Lakini lile tendo la Nageeye lina funzo: mwenye kuitwa na mwenzake hukaza mwendo. Tafuta mtu mmoja, jamaa au jirani, mwekeane ahadi ya siku tatu kwa wiki. Siku utakayoona uzito wa kuamka, kutakuwa na mtu anayegonga mlango.

Usitarajie kitambi kiondoke kwa mwezi mmoja. Kilijengwa kwa miaka. Lakini kabla ya mizani kuonyesha lolote, usingizi huwa umeboreka, shinikizo la damu limeanza kushuka, na ngazi hazitishi tena. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha siha huanza kwa dakika thelathini za kutembea, kesho alfajiri, kabla jua halijawa kali.